Kifua cha Chokharam

Katika wodi ya vichwa, watu wote huangalia vichwa. Sista Gavri ndiye aliyekuwa akiangalia vifua, na kazi hiyo ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Si kusimama kulikomchosha, maana mtu aliyesimama miaka ishirini na miwili husahau hata kwamba kuna kukaa. Kilichomchosha ni kuona jambo lilelile likijirudia. Tangu Diwali hadi joto hili la mwezi wa Jeth, wagonjwa watano walikuwa wametolewa uvimbe ubongoni salama salimini. Mpasuaji akaguswa miguu kwa heshima, akaletewa maboksi ya ladu, vile vitamu vya mviringo, akapigwa picha. Halafu siku ya sita au ya nane mgonjwa yuleyule akafa kwa mapafu kujaa, huku mshono wa kichwani umefunga vizuri kama kazi ya fundi cherehani. Na mgonjwa akifa kwa kifua, ndugu hawamfuati mpasuaji. Humfuata sista.

Kwa hiyo alipoletwa Chokharam Godara wa kijiji cha Dhorasar, Gavri hakuangalia kichwa. Aliangalia vidole, akaviona vimekuwa vya manjano kwa bidi, zile sigara za kusokotwa kwa jani. Akasikiliza kikohozi chake kikitokea mbali na kupita penye kokoto. Akajisemea, huyu ndiye wa sita. Mara akaona haya kwa wazo hilo, akapiga moyo konde. Huyu hatakufa kwa mapafu. Wengine wafe kwa watakacho, lakini huyu atatoka kwenye mlango ule kwa miguu yake, anapumua. Hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu angechekwa.

Chokharam alikuwa na miaka sitini na minane, mkulima wa uwele, mrefu, mwenye masharubu ya kutosha watu wawili. Uvimbe wake ulikuwa nyuma ya paji la uso, mkubwa kama ndimu. Ulimfanya avae viatu kinyume na kumwita mkewe kwa jina la nyati wao wa maziwa. Mkewe, Mirgi, alimwambia Gavri kwamba hilo la nyati halikuwa geni, ila zamani alikuwa akilifanya kwa makusudi.

Upasuaji ulipangwa baada ya siku kumi na mbili, na Gavri akazichukua zote. Bidi alizitoa chini ya mto, akazitoa ndani ya kiatu, akazitoa kwenye mikunjo ya kilemba. Afyuni daktari alikuwa ameshampiga marufuku wiki tatu nyuma. Chokharam, kama wanaume wengi wa rika lake huko Marwar, eneo lao la jangwa, alikunywa maji ya afyuni kila asubuhi barazani kwake miaka arobaini, na kuachana nayo kulimtoa jasho na matusi ya kila aina. Lakini aliachana nayo. Mwili ulisahau kuistahimili, na hilo, kama tutakavyoona, ndilo lililokuja kuwa balaa.

Kulikuwa na kile kidude cha plastiki chenye mipira mitatu, ambacho mgonjwa hukivuta kwa pumzi mpaka mipira ipande. Chokharam alikitazama kama mtu aliyepewa njuga za mtoto. Akasema yeye hachezi. Gavri hakubishana naye. Alipita tu na sindano zake, akamwambia kama jambo lisilo na maana kwamba mzee wa kitanda cha nane, yule mwenye duka la viungo kule Pali, ameinua yote mitatu tangu jana.

"Yule kibonge?" akauliza Chokharam.

"Yule yule."

Mpaka jioni mipira miwili ilikuwa inapanda. Kesho kutwa yake ilipanda mitatu, na mwenye duka la viungo, ambaye hakuwahi hata kukishika kidude hicho, akawa anatazamwa kwa dharau asijue kosa lake.

Kisha akamfundisha kukohoa. Aliyefunguliwa kichwa hatakiwi kukohoa kwa nguvu, kunatikisa kule ndani. Inampasa afungue mdomo na kusukuma pumzi polepole, "haa", kama mtu anayetia mvuke kwenye kioo, mpaka makohozi yapande yenyewe. Ni lazima ajifunze kabla, kwa sababu baada ya kisu hakuna anayefundishika. Chokharam alimwambia amekohoa miaka sitini bila mwalimu. Gavri akamjibu kwamba inaonekana.

Jambo moja aliliona, akalinyamazia. Mzee alipokea sindano kutoka kwake, na vidonge, na kugeuzwa, na kupigwapigwa mgongo, lakini maji alimsubiri Mirgi. Jina la ukoo lililoandikwa kifuani pa Gavri lilitosha kueleza. Kwao walikuwa washona ngozi, kijiji cha mwendo wa saa mbili tu kutoka Dhorasar, na watu wa tabaka la Chokharam hawakupokea maji mikononi mwa washona ngozi. Siku ya tano Mirgi alikuwa ameenda kupiga foleni ya dawa, joto likawa kali, na mzee akasahau, au akajifanya amesahau, akaipokea bilauri. Gavri alikuwa amechoka hata asiweze kufurahi. Aliipokea ilipokuwa tupu, akaenda kitanda cha pili.

Kwamba Chokharam ana mdogo wake, Gavri alizipata habari kwa Mirgi, siku alipokuwa akimfundisha kukunja kiganja kama kikombe na kumpigapiga mumewe mgongoni ili makohozi yang'oke. Mirgi alipiga kwa woga mwanzoni, halafu kwa raha, akisema ameisubiri ruhusa hii tangu aolewe. Huku akipiga akasimulia. Mama yao Chokharam alilala kitandani miezi mitatu kabla ya kufa, na mtoto wake mdogo, Devaram, hakuja hata mara moja. Alikuja kwenye matanga, amenyoa kichwa, analia kwa sauti. Ilipofika zamu ya afyuni, Chokharam kama mwenye msiba akazunguka duara akiwanywesha wageni kwa kiganja chake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama desturi ilivyo. Alipofika kwa Devaram, akampita. Kiganja kikaruka kinywa cha ndugu yake mbele ya vijiji saba.

"Mwaka wa kumi na tisa huu," alisema Mirgi. "Na mume wangu huyu ameapa hawasemezani mpaka mmoja wao amnyweshe mwenzake. Na hakuna wa kuanza. Wote wawili vichwa vigumu, na cha huyu sasa kimeota kitu."

Upasuaji ulichukua saa nne na nusu. Daktari Lodha, mpasuaji, alitoka akiwa na tabasamu lake la picha, na kusema kweli alistahili, uvimbe wote ulitoka. Kesho yake asubuhi mrija wa kupumulia ulitolewa kooni. Siku ya pili Chokharam alifungua macho, na Gavri alipomwinamia akasema "haa", mzee akafungua mdomo, akafanya haa, dhaifu lakini sahihi. Gavri alikwenda chooni, akafunga mlango, akalia kidogo. Kisha akanawa uso, akarudi kazini.

Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, na koo lilikuwa zito. Kwa mgonjwa wa namna hiyo maji hayajui njia. Yanaweza kushuka tumboni, yanaweza kushuka mapafuni, na yakienda mapafuni yanaoza huko. Kwa hiyo alilishwa kwa mrija wa puani, kitanda kimeinuliwa kichwani usiku na mchana, na juu yake Gavri akatundika karatasi: HAKUNA KITU MDOMONI. Kwa kuwa Mirgi hakujua kusoma, akachora na mdomo wenye msalaba juu yake. Mdomo ulitoka na masharubu, wodi nzima ikacheka.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, saa ya kuona wagonjwa, Devaram alikuja.

Gavri alikuwa kazini tangu asubuhi, na mwenzake wa zamu alikuwa amekwenda harusini, maana mwezi wa Jeth nusu ya Marwar inaoa na nusu nyingine inacheza. Vitanda thelathini na viwili, sista mmoja. Alimkuta mtu amesimama mlangoni, viatu mkononi, kilemba kimefungwa upya, masharubu yaleyale ya Chokharam ila meusi zaidi. Hakuwa na haja ya kuuliza.

"Mimi ni mdogo wake," alisema. "Nipe dakika mbili, sista."

Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mfuko wa kizibao, umeufunika kama mtu anayeficha kifaranga. Gavri alijua kilichomo. Sista wa kutoka Kerala, mbali kusini, asingejua, angemwuliza kuna nini humo, angemnyang'anya, mambo yakaisha. Lakini Gavri alizaliwa huku. Alijua kilichomo mfukoni na alijua kimebeba nini.

Akamwambia kwamba mgonjwa hamezi. Akamwonyesha karatasi. Hakuna kitu kinachoingia mdomoni, hata maji, hata ya ndugu yake, hata ya mungu mwenyewe.

"Ni kulowesha midomo tu," alisema Devaram. "Si kinywaji, sista. Ni neno."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema hapana. Amelisema hapana hilo mara elfu, kwa kina mama wenye vijiko vya asali, kwa makuhani wenye maji matakatifu. Lakini alifikiria miaka kumi na tisa, akafikiria kulowesha midomo tu, halafu miguu ilikuwa inawaka, na kwenye kitanda cha kumi na nne dripu ilikuwa inaisha. Akakaa kimya. Na Devaram, kama mtu yeyote angefanya, akaupokea ukimya ule kuwa ndiyo.

Akamwona anainama juu ya kitanda. Akamwona anamimina kiganjani maji ya rangi ya chai kavu. Akaona macho ya Chokharam yanafunguka na kumtazama ndugu yake, yanamtazama sana. Na hapo shingo ya Gavri ikageuka yenyewe.

Hili inafaa lielezwe wazi, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe alijitafuta ndani ya jambo hili siku nyingi. Utotoni kwake, wakubwa wa kijiji walipokaa duara na kunyweshana, watu wa nyumba yao walisimama nje ya ukuta, na kama kazi imewaingiza ndani, waligeuza uso. Baba yake aligeuza uso. Mama yake alijifunika. Macho ya washona ngozi hayakupaswa kuangukia kiganja kile. Hakuna aliyewahi kumwambia Gavri kwa maneno, aliwaona tu wakubwa wake wakifanya, shingo yake ikashika. Na sasa, yeye mwenye kitambulisho cha serikali na miaka ishirini na miwili ya kazi, katika wodi ambayo mamlaka ilikuwa yake, aliutazama mtungi wa oksijeni huku mgonjwa wake akinyweshwa nyuma yake. Alisikia mkupuo mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu.

Alipogeuka, Devaram alikuwa analia, na machozi yalikuwa yanashuka upande ule wa uso wa Chokharam uliokuwa unaweza. Gavri naye alijifuta macho. Akaenda kwenye dripu ya kitanda cha kumi na nne akiwa na moyo mwepesi kuliko siku nyingi zilizopita, akidhani ametenda jambo jema.

Saa moja haikuisha. Alipita kitanda cha sita, cha Chokharam, akasikia pumzi isiyo yake, ya majimaji, ndefu, halafu kimya kirefu, halafu tena. Akahesabu. Sita kwa dakika. Midomo ilikuwa imekuwa ya kijivu. Akamwita daktari wa zamu, naye akamwita Lodha, na Lodha akaja mbio na koti halijafungwa.

"Anavuja damu kichwani," alisema Lodha. "Apelekwe picha sasa hivi, na chumba cha upasuaji kiandaliwe."

Watu wakaanza kufungua breki za kitanda. Gavri alikuwa amekwisha kufunua kope za mzee na kumulika. Mboni zote mbili zilikuwa ndogo kama tundu la sindano, na damu ya kichwani haifanyi hivyo. Alijua pia kwamba kwa picha watamlaza chali kabisa, na chakula kiko tumboni, na lifti ya hospitali ile ina tabia zake. Chokharam angefia kwenye lifti, na kwenye karatasi ingeandikwa damu. Hakuna ambaye angejua. Devaram angerudi Dhorasar akiwa amepatana na kaka yake, Gavri angebaki na kazi yake, na watano wangekuwa sita.

"Daktari, si damu," alisema. "Ni afyuni. Amenyweshwa na ndugu yake. Mimi nilikuwepo, na sikuzuia."

Lodha alimtazama. Watu waliokuwa wameshika kitanda nao walimtazama. Lodha hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Kiasi gani?"

"Kiganja."

"Kiganja cha nani, sista?"

"Cha mkulima."

Dawa ya kuzima nguvu ya afyuni iliingia mshipani, na kabla dakika mbili hazijaisha Chokharam alivuta pumzi ndefu, akafungua macho, akamtukana mtu asiyekuwepo. Mirgi, aliyekuwa amerudi kutoka foleni ya dawa, alikaa sakafuni. Lodha alisimama pale mpaka pumzi zikafika kumi na nne kwa dakika, kisha akasema, bila kumwangalia Gavri, kwamba wataongea baadaye.

Lakini afyuni ndiyo iliyozimwa. Maji yenyewe yalikuwa yamepita njia isiyo yake. Kesho yake asubuhi homa ilikuwa thelathini na tisa na nusu, na kwenye picha ya kifua upande wa kulia chini palikuwa peupe kama pamemwagiwa chokaa.

Muuguzi mkuu alimpa Gavri barua ya kujieleza. Aliijibu kwa mistari minne, akisema yaliyotokea kama yalivyotokea, bila kutaja joto wala harusi wala vitanda thelathini na viwili. Polisi hawakuitwa. Lodha alisema hana muda wa polisi, ila yule ndugu asionekane tena wodini.

Basi ikaanza kazi. Kila baada ya saa mbili mgonjwa ageuzwe, na kila akigeuzwa kichwa kisipinde, shingo isibanwe, kitanda kisishuke. Apigwepigwe mgongo upande wa kulia. Mashine ya kunyonya iingizwe kooni kwa sekunde chache tu, maana ukizidisha kichwa kinapanda presha. Kinywa kisafishwe mara sita kwa siku, kwa sababu uchafu wa mdomoni ndio kesho unakuwa uchafu wa mapafuni. Haa, mzee. Haa. Kisha kitanda cha saba, cha nane, mpaka cha thelathini na mbili, kisha kurudi cha sita, saa mbili zimeshafika.

Mirgi alikuwa mdogo wa mwili na Chokharam alikuwa na mifupa ya ngamia. Wanawake wawili hawakumweza. Siku ya pili ya homa Gavri alishuka ngazi, akamkuta Devaram amekaa penye geti kwenye kivuli cha ukuta, hajala, kilemba kiko mapajani. Alipomwona akasimama.

"Nimemuua?" aliuliza.

"Bado. Una mikono?"

Hakuelewa. Gavri akamwambia apandie ngazi za nyuma, na akikutana na Daktari Lodha ajifanye mfagiaji. Alisema hivyo kwa uchovu tu, lakini Devaram alishika ufagio kweli, akaubeba mpaka ndani. Mtu wa familia ya Godara, na ufagio, mbele za watu. Gavri alimpokonya kabla hajaanza kufagia.

Alimfundisha kila kitu. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Alipiga mgongo kama anayetwanga, akakaripiwa, akapiga kama anayebembeleza, akakaripiwa tena. Aliona kinyaa kwa makohozi, akageuka kutapika, akarudi. Mtu ambaye hakumwuguza mama yake mzazi hata siku moja alikuwa sasa anajua rangi ya kikohozi cha asubuhi na ya jioni. Gavri hakumhurumia sana. Alimwona kama jozi ya mikono iliyochelewa miaka kumi na tisa, akaitumia.

Lodha alimwona siku ya tatu. Alisimama mlangoni akatazama watu watatu wakimgeuza mgonjwa bila kupinda shingo, akaondoka bila kumfukuza mtu. Siku ya nne, homa ikiwa palepale, alisema kama mpaka jioni hakuna nafuu watamtoboa shingo na kuweka mrija wa kupumulia. Gavri alimwomba mpaka kesho adhuhuri. Hakuwa na hoja. Alimwambia tu kwamba makohozi yamebadilika, jana yalikuwa ya kahawia na leo ni ya manjano, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo. Lodha alikubali, labda kwa sababu naye alikuwa amechoka.

Zamu yake iliisha saa nane mchana siku ile, na hakuondoka. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya kitanda cha sita. Hakuomba, alikuwa amechoka mno kuomba. Aliweka mkono kwenye mbavu za mzee na kusikiliza kwa kiganja, kama alivyofanya kwa watoto wake walipokuwa wadogo. Kulikuwa na mngurumo upande wa chini. Akageuza, akapiga, akanyonya, akasikiliza. Mngurumo ukapanda juu kidogo. Alijiambia watano wale nao labda walihitaji mtu wa kubaki hivi, na hakubaki, kwa sababu nyumbani nako kulikuwa na watu wanaomngoja. Wazo hilo lilimkaa vibaya na hakuwa na pa kulitupa.

Adhuhuri ya siku ya tano homa ilishuka nyuzi moja. Jioni ikashuka nyingine. Siku ya sita asubuhi walimtoa oksijeni puani, na rangi ya midomo ikabaki ilivyo. Asubuhi hiyohiyo barua ya pili ilifika. Kuanzia Jumatatu Gavri Meghwal ahamie chumba cha kufunga vidonda, ghorofa ya chini. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaenda kumgeuza mgonjwa.

Walikuwa wamemkalisha, Devaram nyuma yake anapiga mgongo, Mirgi ameshika beseni, Chokharam alipogeuza kichwa polepole na kutazama ni mkono wa nani. Macho yalikuwa safi. Yalikuwa ya mtu aliyerudi kamili.

"Nani kamruhusu huyu?" alisema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini kila neno lilisikika. Devaram aliondoa mkono.

Mirgi akamwambia wamepatana, wiki nzima sasa. Chokharam akauliza lini. Akaambiwa siku ya tatu baada ya kisu, hapahapa, kwa kiganja. Alitafuta kichwani kwake, ilionekana kabisa anatafuta, na hakukuta kitu. Alisema hakunywa. Alisema asidanganywe kwa kuwa mgonjwa, yeye hajawahi kunywa kwa mtu huyu tangu matanga ya mama.

"Sista alikuwepo," alisema Devaram. Alikuwa ametoka jasho. "Mwulize, kaka. Sista ni shahidi."

Chokharam akamgeukia Gavri. "Binti, ulituona?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Kila mtu pale alitaka aseme ndiyo. Lakini Gavri alikuwa amepoteza wodi yake kwa jambo hili na hakuwa na nguvu za kulipamba.

"Sikuona, mzee. Niligeuza uso. Kwetu hugeuza uso mnapokunywa nyinyi."

Mirgi alitazama beseni. Chokharam alijua anachoambiwa, na masharubu yake yakatulia.

"Lakini ulikunywa," aliendelea Gavri. "Kiganja chote. Najua kwa sababu siku sita nimekuwa nikikitoa kifuani mwako, mimi na mkeo na huyu ndugu yako. Kilikuwa cha kahawia, kikawa cha manjano, na bado hakijaisha. Kwa ajili yake Jumatatu naondolewa hapa. Sasa ukisema hukunywa, niambie nilikuwa natoa nini."

Mzee alivuta pumzi moja baada ya nyingine. Gavri hakuweza kujizuia, alizihesabu. Zilikuwa kumi na sita, na zilikuwa safi karibu mpaka chini.

"Rudisha mkono," Chokharam alimwambia ndugu yake hatimaye, bila kumtazama. "Upande wa kulia. Ndio unaouma."

Devaram akaurudisha, akaanza kupiga, vibaya kwa sababu alikuwa analia, na safari hii hakuna aliyemkaripia. Kilichobaki kule chini kikaanza kupanda. Chokharam alikisikia kinakuja. Akainua mkono kuwasimamisha, akamtazama Gavri.

"Na wewe usigeuze uso," alisema.

"Sigeuzi. Haa, mzee. Polepole."

Akafungua mdomo, akakohoa kama alivyofundishwa. Gavri alichukua beseni kutoka kwa Mirgi, akainama, akaangalia mpaka mwisho.